Fremu 15 kwa Kila Mdundo

Wimbo unaokwenda kwa midundo 100 kwa dakika humrahisishia kazi mtu wa kamera. Kila mdundo huchukua sekunde 0.6, na kamera iliyowekwa fremu 25 kwa sekunde hupiga fremu 15 kamili katika muda huo, bila kuzidi wala kupungua. Kipimo kimoja cha midundo minne ni fremu 60. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 una vipimo 80, na hakibaki kitu. Wanafunzi niliowashuhudia wakitengeneza kichupa cha mwenzao pale Bagamoyo walianzia kwenye hesabu hiyo. Walikaa chini ya mwembe na daftari la mistari, kamera ikiwa bado imefungiwa kabatini. Ilikuwa kamera ya kuazima na muda wa kuwa nayo ulikuwa mfupi, lakini hata ingekuwa yao nadhani wangeanza hivyo hivyo. Dairekta wao, binti mpole asiyependa kurudia neno, alikuwa na msimamo: hakuna kugusa kamera mpaka kila mtu aweze kuhesabu wimbo kichwani.

Naipenda kazi hii, na huwa naumia nikisikia inavyochukuliwa kijuujuu. Mtu akitazama kichupa hudhani kilichofanyika ni mwimbaji kuvaa akapendeza, basi, halafu kamera ikamzunguka. Mtengeneza filamu akiona tukio limekuwa refu hulipunguza, na akiona linabanwa huliongeza. Mtengeneza kichupa hana ruhusa hiyo. Muda wake ulishafungwa studio na prodyuza kabla yeye hajaitwa. Yuko kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kilichokwisha kukatwa na mtu mwingine, anatakiwa atoe nguo inayomkaa mteja bila kuongeza hata kiraka. Uhuru wake wote umo ndani ya sekunde 192, na humo ndimo ninamoona ufundi wake.

Kusikiliza peke yake kulikuwa kazi. Dairekta aliugawa wimbo kwa masikio: mmoja afuate besi tangu mwanzo hadi mwisho asijali kingine, mwingine afuate zeze, mwingine ngoma, mwingine sauti za waitikiaji. Kila mmoja akaandika chombo chake kinaingia kipimo cha ngapi, kinatoka wapi, kinabadilika wapi. Walipoyaweka madaftari pamoja waliona jambo ambalo hata mwimbaji mwenyewe hakuwa ameliona. Zeze huingia kipimo cha 17, hunyamaza kiitikio cha kwanza kinapoanza, na halirudi mpaka kipimo cha 57. Kote hapo katikati sikio linalingoja bila kujua kwamba linangoja. Wazo la kichupa likatokea hapo hapo: awepo mchezaji mmoja, mwanamke aliyejifunga khanga, anayeonekana zeze likisikika tu. Zeze likinyamaza, pale alipokuwa amesimama pabaki mchanga mtupu.

Wazo la namna hii lina ukoo mrefu, na dairekta aliujua. Mwaka 1997 Mfaransa Michel Gondry alitengeneza video ya "Around the World" ya Daft Punk kwa kanuni kwamba kila kundi la wachezaji ni chombo kimoja cha muziki. Wanariadha hupanda na kushuka ngazi wakifuata besi, waliovalia mifupa hufuata gitaa, waliozungushiwa bandeji hufuata mashine ya ngoma, na maroboti hufuata ile sauti ya kuimba iliyopitishwa kwenye mashine. Ukiitazama mara ya kwanza unaona watu wanacheza. Ukiitazama mara ya tano unaanza kuusikia wimbo kwa macho. Gondry alikuwa mpiga drams wa bendi iitwayo Oui Oui, na video zake za mwanzo alizitengeneza kwa ajili ya bendi hiyo. Alikuwa mtu wa kuhesabu kabla hajawa mtu wa kamera. Vijana wa Bagamoyo nao wana bahati yao: mji huo una chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho siku hizi ni TaSUBa, na mpiga ngoma wa kweli hakosekani. Anayetaka kuuliza jambo la ngoma huvuka barabara akauliza.

Tatizo la kwanza lilikuwa jua. Wimbo ni wa kuagana, na kila mtu alikuwa na picha ile ile kichwani: mwimbaji ufukweni, nyuma yake jua linazama baharini. Lakini Bagamoyo jua halizami baharini. Pwani ile inatazama mashariki, jua hutoka majini na huzama upande wa bara, nyuma ya nyumba na minazi. Anayetaka kuliona likizama majini avuke aende Unguja, akasimame Forodhani. Mmoja wao akapendekeza wapige alfajiri na kuiita jioni, kwa kuwa mwanga wa jua la chini ni ule ule na mtazamaji wa Dodoma hatajua. Kijana mmoja, mwenyeji wa pale, akasema, "Mama yangu atajua." Hoja ikaishia hapo. Wakayasoma maneno ya wimbo upya na kuona hakuna mahali panapotaja jioni. Kuagana kwa alfajiri, mtu amebeba begi la safari na mji haujaamka, kukaonekana kuna uzito kuliko lile jua la magharibi ambalo kila mtu ameshalipiga.

Niliwaheshimu sana kwa uamuzi huo. Picha ya uongo ingewapendeza watu wengi, na wao walimchagua mama mmoja ambaye angeitambua.

Ikabaki bahari. Walimwendea mzee mvuvi aliyekuwa akishona nyavu karibu na soko la samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Wakamweleza kwamba wanataka kupiga picha ufukweni alfajiri, wakamwomba awaambie siku nzuri. Mzee hakuinua macho kwenye nyavu zake. Akauliza, "Mnataka maji, au mnataka mchanga?"

Katika shughuli nzima sikusikia swali la kitaalamu kuliko hilo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndiyo kwanza unaandama, pwani hiyo hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, na kati ya kujaa na kupwa kuna tofauti ya mita tatu na zaidi. Jua linapochomoza, maji yako mbioni kuondoka. Ukipiga picha pana saa kumi na mbili na nusu, kisha picha ya uso saa moja na nusu, bahari imeshahama. Ukiziunganisha, mwimbaji ataonekana miguu iko majini, na kabla hajamaliza neno yuko nchi kavu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayatembei sana. Vijana wakajibu kwamba wanataka maji yanayotulia. Mzee akawahesabia siku kwa vidole, na tarehe ya kushuti ikafuata mwezi. Ratiba nyingine zote, pamoja na ile ya kuazima kamera, zikabidi ziifuate tarehe.

Jua la kwetu hupanda wima. Dakika 40 tangu lichomoze linakuwa limefika karibu nyuzi 10 juu ya upeo, na ule mwanga laini wa rangi ya asali umeanza kuwa mweupe. Ndani ya dakika hizo walipanga kuuimba wimbo mzima mara tatu: picha pana, picha ya kiunoni, kisha picha ya mwendo wa pole. Upande wa pili wa ukurasa waliandika nani anabadilisha lenzi, nani anafuta nyayo mchangani, nani ana maji ya kunywa. Kwa mtu wa nje karatasi ile ingeonekana ya kuchosha. Mimi niliisoma kwa raha.

Huo mwendo wa pole ndio unaonivutia kuliko yote. Picha yenyewe mnaijua: khanga inapepea taratibu, matone ya maji yanakawia hewani, na bado mdomo wa mwimbaji unakwenda sawa na wimbo. Tumeiona mara nyingi hata hatujiulizi inawezekanaje. Kamera huwekwa fremu 50 kwa sekunde, na wakati wa kuhariri fremu hizo huchezwa 25 kwa sekunde, hivyo kila kitu huenda nusu ya kasi yake. Ili mdomo usichelewe, siku ya kushuti wimbo hupigwa kwa kasi maradufu: midundo 200 kwa dakika, wimbo wote ndani ya dakika 1 na sekunde 36. Mwimbaji anakimbiza maneno kwa mdomo huku mwili wake umetulia, hana haraka ya kwenda popote.

Kueleza ni rahisi. Ukijaribu mwenyewe utaona jinsi shingo inavyotaka kufuata mdomo, mabega yanavyopanda, macho yanavyopepesa ovyo. Chris Martin wa Coldplay alijifunza kuuimba wimbo mzima kinyumenyume kwa ajili ya video ya "The Scientist" ya mwaka 2002, na mazoezi ya mwimbaji wetu ni ya jamii hiyo hiyo: kuufundisha mdomo jambo lisilo la kawaida mpaka liwe la kawaida. Nakala ya wimbo wa kasi alikuwa nayo kwenye simu, akaizoea akifua, akipika, akitembea kwenda sokoni. Na alipewa msaidizi, kijana mwenye karatasi ya maneno ambamo kila m, kila b na kila p imezungushiwa wino mwekundu.

Herufi hizo ndizo zinazomuumbua mwimbaji. Kwenye a au o mdomo unaweza kukosea kidogo na jicho likasamehe, lakini m, b na p hazitamkiki midomo isipokutana. Kwa kasi ya mara mbili mwimbaji huziruka, mdomo ukapita wazi juu ya "kumbuka" au "mpenzi". Picha ikija kupunguzwa kasi, pengo lile hurefuka maradufu: sauti inasema mb, midomo imeachama. Mtazamaji hatajua kilichotokea, ila ataacha kumwamini mwimbaji. Yule msaidizi alichuchumaa mchangani chini ya lenzi, mgongo kwa bahari, jua linapanda nyuma yake asiligeukie. Alitazama midomo tu. Wimbo ulipoisha alisema, "Dada, ubeti wa pili, mstari wa nne, hukufunga." Dada akaitikia kwa kichwa, akalamba midomo, wakarudia mstari ule peke yake, kisha wimbo wote. Hawakuwa na muda wa kubishana, na nadhani hata wangekuwa nao wasingebishana.

Kuna mtu mwingine ambaye huwa hatajwi, naye ni mwenye spika. Watu hufikiri kazi yake ni kubonyeza kitufe. Kabla ya siku ya kushuti alikuwa ameandaa nakala mbili za wimbo, ya kawaida na ya kasi, na mwanzoni mwa kila moja aliweka mlio wa kuhesabu vipimo viwili, ili mwimbaji asishtukizwe na mtu wa kamera awe ameshaanza kurekodi. Ni yeye pia aliyepiga kofi mbele ya kamera kabla ya kila mzunguko, mikono juu, mahali panapoonekana.

Na alijua spika ikae wapi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, haraka kwa sikio letu lakini pole kwa hesabu za fremu. Spika ikiwa mita 30 kutoka kwa mwimbaji, wimbo unamfikia umechelewa fremu mbili na zaidi. Kwa hiyo spika hukaa karibu na anayeimba, hata kamera ikiwa mbali kiasi gani. Upande wa pili kamera nayo hurekodi sauti kwa maikrofoni yake, na ikiwa mbali hurekodi sauti iliyochelewa, wakati picha haikuchelewa. Ndiyo maana ya lile kofi: mikono inavyokutana kwenye picha ni ushahidi usiotegemea masafa. Kijana aliifunika spika kwa mfuko wa plastiki kuikinga na chumvi, akaiweka nyuma ya ngalawa iliyopandishwa ufukweni, hatua chache kutoka miguuni pa mwimbaji. Kwenye picha haionekani kabisa.

Mchana walihamia ndani ya mji, kwenye mlango wa kuchonga wa nyumba moja ya zamani, baada ya kumwomba mama mwenye nyumba na kukaribishwa chai. Hapo kazi ilikuwa ya mwanga. Jua la saa sita liko utosini, na uso wa mtu hubaki na vivuli viwili vyeusi mahali pa macho. Tena mpiga ngoma waliyempiga picha hapo ni mweusi wa kung'aa, amevaa kanzu nyeupe pe. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, itaufuata uso na kuifuta kanzu ibaki doa jeupe lisilo na mikunjo wala tarizi, au itaifuata kanzu na kuuzamisha uso. Mtu wa kamera aliwasha mistari ya zebra inayoonyesha palipozidi mwanga, akapunguza mpaka mistari ikatoka kwenye kanzu na tarizi ya shingoni ikahesabika uzi kwa uzi. Uso ukawa giza. Hapo ndipo wenzake walipoingia: wawili wakatanda shashi nyeupe juu ya kichwa cha mpiga ngoma kulilainisha jua, wa tatu akapiga magoti na kile kizuia-jua cha fedha cha kioo cha gari, akairudisha nuru kutoka chini na pembeni. Ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi. Inahitaji mwanga mpana wa kung'aria, na ukiupata hupati rangi moja: mfupa wa shavu una bluu kidogo, paji la uso lina dhahabu, shingo ina kahawia nzito. Kwa miaka mingi kadi za Kodak za kupimia rangi zilikuwa na picha za wanawake wa kizungu, na maabara zilipima ngozi za watu wengine kwa kipimo hicho. Kijana yule aliyepiga magoti na kizuia-jua aligeuza mkono wake nyuzi chache, akaangalia, akaugeuza tena, akatafuta mahali ambapo ngozi ya mwenzake ilionekana jinsi anavyoiona yeye kila siku.

Ndani walipiga vipande vichache chini ya taa ya mrija. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo shata ya 1/50 inaelewana na taa. Aliyezoea kamera iliyopangwa kwa fremu 30 na shata ya 1/60 ataona picha ikimetameta na asijue kwa nini. Wao walijua, wakapita haraka.

Kadi zilinakiliwa sehemu mbili usiku ule ule kabla mtu hajala. Halafu kukafuata siku za kuhariri, ambazo kwa mtazamaji hazina cha kuona: mgongo wa kijana, kioo cha kompyuta, na mstari ule ule wa wimbo unarudiwa. Mwanzoni alikata kila picha juu ya mdundo, fremu 15, fremu 30, fremu 60, na ilichosha macho kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Akajifunza kutangulia fremu mbili tatu, jicho liwe limeshafika mdundo unapotua. Akajifunza pia kuacha. Kiitikio cha mwisho chenye vipimo vinane, yaani sekunde 19.2, yaani fremu 480, alikiacha kwenye picha moja tu ya uso, ile ya mwendo wa pole. Wenzake wengine walitaka achanganye na mchezaji. Dairekta alimuunga mkono, na mimi niko upande wao. Midomo inafunga kila inapopaswa kufunga, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbia uso ule.

Ukaguzi wa mwisho walimwita mpiga ngoma aje atazame mikono yake mwenyewe. Alikaa kimya kwa ubeti mzima, kidole kinapiga kwenye goti. Kipimo cha 33 akasema, "Simamisha. Hapo mkono wangu umetangulia." Wengine hawakuwa wameona kitu. Mhariri akarudisha nyuma, akasogeza fremu kwa fremu, na ikawa kweli: kiganja kinagusa ngozi ya ngoma fremu mbili kabla ya sauti. Kilikuwa kipande kilichopigwa kutoka mbali, upande wa pili wa barabara, na mhariri alikuwa amekilinganisha kwa sauti ya kamera badala ya lile kofi. Mwenye spika ndiye aliyeeleza sababu kabla mtu hajauliza. Wakalitafuta kofi mwanzoni mwa kipande, wakakisogeza mbele fremu mbili, wakakagua vipande vingine vyote vilivyopigwa kutoka mahali pale, na mpiga ngoma akawaambia waanze tena kuanzia kipimo cha 1.